Ndugu Watatu na Gari Kuukuu

Neno gari lilivuka bahari. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilipokea kutoka Bara Hindi pamoja na maneno mengine ya kazi na biashara, wakalitia katika ngeli zao, wakaliundia wingi, na leo hapana mtoto wa Mombasa wala wa Kigoma adhaniye kuwa ni neno la ugenini. Neno hilo hilo ndilo linalofunga jina la mchezo wa sinema uliotolewa Bombay mwaka 1958, Chalti Ka Naam Gaadi. Maana yake ni kwamba kiendacho ndicho kiitwacho gari. Kilichosimama chaweza kuwa na magurudumu, usukani na taa mbili za mbele, lakini jina hakina. Huu ni mzaha wa mafundi juu ya motokaa yao kuukuu. Walakini mtazamaji aliyeketi mpaka mwisho hutambua kuwa si motokaa peke yake iliyopimwa kwa kipimo hicho. Jamaa ya watu nayo yaweza kuwa na kila kiungo chake, mkubwa na wadogo, paa na meko, na bado isiende.

Wanazuoni waandikao historia ya sinema ya Bara Hindi katika miaka ya 1950 hukawia, na wana haki ya kukawia, mbele ya michezo mizito. Hutaja Awara ya mwaka 1951, ambamo mwana hushtakiwa kwa kutaka kumwua baba aliyemkana. Hutaja Do Bigha Zamin ya mwaka 1953, ambamo mkulima huvuta riksho katika njia za Calcutta ili aokoe shamba lake. Hutaja Mother India ya mwaka 1957, ambamo mama humpiga risasi mwanawe wa kumzaa. Mbele ya machozi kama hayo michezo ya kuchekesha huonekana kama watoto wapitao ukumbini wakati wazee wanapozungumza: hutupiwa tabasamu, kisha mazungumzo huendelea. Kosa la desturi hiyo ni kudhani kuwa kicheko hakina la kusema. Habari za nyumbani, na hasa habari za ndugu kwa ndugu, mara nyingi haziwezi kutamkwa kwa uso mkavu bila ya kumvunjia mkubwa heshima yake. Mzaha hupenya mahali ambapo lawama ingefungiwa mlango.

Undugu ni jambo la kale katika hadithi za Bara Hindi. Katika Ramayana, Rama anapopelekwa uhamishoni kwa miaka 14, mdogo wake Lakshmana huacha raha ya jumba la kifalme akamfuata mwituni. Mdogo mwingine, Bharata, ambaye kiti cha enzi kilitafutwa kwa ajili yake, hukataa kukikalia. Huweka juu yake viatu vya kaka yake, akatawala kwa jina la viatu hivyo mpaka mwenyewe arudi. Kila mwaka, katika sikukuu ya Raksha Bandhan, mwanamke humfunga umbu lake wa kiume uzi katika kifundo cha mkono, na mwanamume hupokea pamoja na uzi huo wajibu wa kumlinda. Sinema ilirithi hazina hii yote. Mwaka 1959, mwaka mmoja tu baada ya mchezo unaozungumzwa hapa, Chhoti Bahen ya L. V. Prasad iliwaliza watazamaji kwa habari za kaka na dada yake mdogo aliyepoteza nuru ya macho. Mkubwa mwema, mdogo mtiifu, na dada anayelindwa: hao ndio watu watatu ambao mtazamaji wa zama hizo aliwatazamia.

Lakini nje ya jumba la sinema mambo hayakutulia. Jamaa ya pamoja, ambamo ndugu hata wakiisha kuoa hukaa chini ya paa moja na kula katika mfuko mmoja, ilikuwa imeingia katika mjadala wa taifa jipya. Sheria ya Urithi wa Wahindu ya mwaka 1956 iliwapa mabinti haki katika mali ya baba zao ambayo kwanza hawakuwa nayo, ingawa katika mali ya pamoja ya ukoo walingoja mpaka marekebisho ya mwaka 2005 ndipo wakalinganishwa na ndugu zao wa kiume. Miji ilikuwa ikikua. Vijana walitoka vijijini na miji midogo kwenda kutafuta riziki Bombay na Calcutta. Swali la nani ana amri juu ya nani, na kwa haki gani, halikuwa tena swali la hadithi. Lilikaa mezani pamoja na chakula.

Katika hali hiyo ndipo Satyen Bose alipoongoza mchezo wake. Bose hakuwa mgeni wa habari za vijana na mafungamano yao. Jagriti, aliyoitoa mwaka 1954, ilihusu wanafunzi wa shule ya bweni; na Dosti, aliyoitoa mwaka 1964, ilihusu vijana wawili maskini, mmoja kipofu na mmoja kiwete, ambao kila mmoja aliziba upungufu wa mwenziwe. Chalti Ka Naam Gaadi ilikuja kati ya hizo mbili, na kwa sura ya nje ni nyepesi kuliko zote. Muziki wake ulitungwa na Sachin Dev Burman, na maneno ya nyimbo yakatungwa na Majrooh Sultanpuri.

Kisa chake ni hiki. Ndugu watatu, Brijmohan, Jagmohan na Manmohan, wana gereji ya kutengeneza motokaa. Mkubwa, Brijmohan, alipata kuwa bondia. Zamani alimpenda mwanamke aitwaye Kamini, akadhani amesalitiwa, na tangu siku hiyo akawachukia wanawake wote. Kama angeichukia jinsi hiyo peke yake, msiba ungekuwa wake. Lakini yeye ni mkubwa. Kwa hiyo chuki yake imekuwa sheria ya nyumba. Mwanamke haruhusiwi kukaribia, na wadogo hawaruhusiwi kumtazama. Jagmohan, wa kati, ameshika sheria hiyo kwa woga hata amekuwa mtu wa kutetemeka akionapo mwanamke. Manmohan, mdogo wa wote, ameishika kwa mdomo tu.

Usiku mmoja wa mvua kubwa, Manmohan akiwa zamu, anaingia msichana aliyelowa chapachapa ambaye motokaa yake imeharibika njiani. Jina lake Renu, binti wa tajiri. Kijana anaitengeneza motokaa huku akimtania. Msichana anaondoka kwa haraka bila ya kulipa ujira, nao ni rupia tano na ana kumi na mbili. Asubuhi kaka anauliza fedha iko wapi. Hapo ndipo mdogo anapotoka kwenda kudai, na safari ya kudai inageuka kuwa safari ya kupenda. Wakati huo baba yake Renu amevutiwa na fahari ya mtu ajiitaye Raja Hardayal Singh, naye anataka kumwoza binti yake kwa Prakash, mdogo wa huyo Raja. Ndugu hawa wawili ni walaghai. Hutafuta binti za matajiri ili wapate mali. Mwishowe inajulikana kuwa Kamini hakumsaliti Brijmohan: amekuwa katika mikono ya mlaghai huyo huyo. Ndugu watatu wanawakabili ndugu wawili, ngumi za bondia wa zamani zinapata kazi, na nyumba iliyokuwa haina mwanamke inafunguliwa milango yake.

Kwa kusimuliwa hivi kisa chaonekana chepesi kama unyoya, na ni kweli kuwa hakikukusudiwa kuwa kizito. Hata hivyo mpango wake una mantiki imara. Kuna jozi mbili za ndugu ndani yake, na zote mbili husaidiana. Raja na Prakash hawana ugomvi; mkubwa anamtafutia mdogo mke, na mdogo anamtii mkubwa. Kama utii na umoja vingetosha kuwa wema, basi nyumba ya walaghai ingekuwa nyumba bora kuliko ya mafundi, kwa kuwa kwa mafundi mdogo huidanganya amri ya mkubwa. Mchezo unamwonyesha mtazamaji kuwa umoja wa ndugu ni chombo tu. Thamani yake hujulikana kwa kazi ifanywayo nacho. Waswahili walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: undugu ni kufaana, si kufanana. Raja na Prakash wanafanana kwa tabia. Brijmohan na wadogo zake hawafanani hata kidogo, mmoja mkali, mmoja mwoga, mmoja mchekeshaji. Lakini ilipofika saa ya hatari walifaana.

Hoja ya pili ni ya mkubwa. Desturi humfundisha mdogo jinsi ya kumheshimu kaka, na hadithi za kale zina mifano mingi ya wadogo waliotimiza wajibu huo. Ni nadra hadithi kuuliza mkubwa naye afanye nini anapokosea kwa sababu ya uchungu wake mwenyewe. Brijmohan si mkorofi. Anawalisha wadogo zake, anawafundisha kazi, analinda hesabu ya gereji hata kwa ana. Kosa lake ni kwamba amelifanya jeraha lake kuwa urithi wa watu ambao hawakujeruhiwa. Ukali wake hautoki katika hekima bali katika maumivu, na kwa kuwa wadogo hawayajui maumivu hayo, hawawezi kumponya wala kumjibu. Kila jamaa yenye mzee wa namna hiyo inaujua mzigo huu. Mchezo haumpindui mkubwa, wala haumwaibishi. Unamponya, kisha sheria inakufa yenyewe. Hapa ndipo wepesi wa mchezo unapokuwa busara yake: mtu aliyekuja kucheka hurudi nyumbani amekwisha kuambiwa kuwa heshima kwa mkubwa haimlazimu mtu kuishi ndani ya majonzi yake.

Lakini jambo lililowavuta watazamaji wa mwaka 1958, nalo laendelea kuwavuta wautazamao leo, ni kwamba ndugu hao watatu walikuwa ndugu kweli. Brijmohan alichezwa na Ashok Kumar, Jagmohan na Anoop Kumar, Manmohan na Kishore Kumar. Na wote watatu walikuwa wana wa Kunjalal Ganguly, mwanasheria wa Kibengali aliyekaa katika mji mdogo wa Khandwa, ambao sasa umo katika jimbo la Madhya Pradesh. Ashok, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Kumudlal, alizaliwa mwaka 1911. Anoop, jina lake Kalyan, alizaliwa mwaka 1926. Kishore, jina lake Abhas, alizaliwa mwaka 1929. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kulikuwa na miaka 18, muda utoshao kumfanya kaka awe nusu ya baba.

Ashok alipelekwa kusoma sheria kama baba yake, lakini moyo wake haukuwa huko. Alikwenda Bombay, akaingia Bombay Talkies, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1934 na Himanshu Rai na mkewe Devika Rani, akawa msaidizi katika chumba cha kusafishia picha. Mwaka 1936 mchezaji aliyekusudiwa kuwa shujaa wa Jeevan Naiya alipotengana na kampuni, Rai alimtoa kijana huyu katika chumba cha giza akamsimamisha mbele ya taa. Mwaka huo huo ukaja Achhut Kannya, habari za mapenzi ya kijana wa Kibrahmani na msichana wa tabaka la chini, na jina lake likaenea. Mwaka 1943 mchezo wake Kismet ulionyeshwa Calcutta kwa zaidi ya miaka mitatu katika jumba moja. Kwa hiyo Kishore alipokuja Bombay baada yake, alikuta mlango umekwisha kufunguliwa. Akatokea katika Shikari ya mwaka 1946, na mwaka 1948 akaimba katika Ziddi. Kaka alitaka mdogo wake awe mchezaji. Mdogo alitaka kuimba. Hata katika nyumba ya furaha kuna mkubwa mwenye mpango na mdogo mwenye wimbo.

Basi mtazamaji wa mwaka 1958 alipomwona Brijmohan akimkaripia Manmohan, aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kaka wa hadithi na kaka wa kweli. Watu wa sinema walimwita Ashok kwa jina la Dadamoni, neno la Kibengali la kumwita kaka kwa upendo, kana kwamba kazi nzima ya sinema ilikuwa wadogo zake. Mchezo ulilitumia jina hilo bila ya kulitamka. Yapo pia masimulizi yavumayo kuwa Kishore, aliyekuwa nyuma ya kazi hii, alitaka ilete hasara ili apunguziwe kodi, nayo ikamwasi ikaleta faida. Yawe kweli au yasiwe, masimulizi hayo yamekaa vema na mchezo wenyewe: hata hasara ilikataa kusimama, ikaenda.

Na Anoop? Historia ya sinema humtaja upesi ikapita. Alikuwa wa kati katika hadithi, na wa kati katika maisha: kaka yake alikuwa nyota kabla yake, na mdogo wake akawa nyota baada yake. Alicheza katika michezo mingi, lakini hakuna alikokumbukwa kama alivyokumbukwa kwa Jagmohan mwoga. Kila jamaa ina mtoto wa namna hii, ambaye sifa humruka kama mvua inayonyesha bondeni na mlimani ikaacha mteremko. Lakini mchezo hausimami bila yake. Ukali wa mkubwa na uchezi wa mdogo vingegongana na kuvunjana kama pasingekuwapo katikati mtu mpole wa kupokea vishindo vya pande zote mbili. Katika motokaa kuna kifaa cha kazi hiyo, wala abiria hakumbuki kukisifu.

Haki inataka isemwe pia kuwa mchezo umeficha jambo kubwa. Katika gereji ya ndugu watatu hakuna dada, wala hatajwi. Ndugu hao wanaonekana kana kwamba walichipuka wenyewe, wanaume watupu, na mwanamke ni kitu kitokacho nje wakati wa mvua. Lakini katika nyumba ya kweli ya Khandwa palikuwa na dada. Sati Devi, aliyezaliwa baada ya Ashok na kabla ya Anoop, aliolewa na Sashadhar Mukherjee; naye Mukherjee alikuwa akifanya kazi Bombay Talkies, na kwa shemeji huyo ndiko Ashok alikokwenda alipoiacha sheria. Mwaka 1943 Ashok na shemeji yake walikuwa miongoni mwa walioanzisha Filmistan. Watoto na wajukuu wa Sati Devi waliingia katika sinema kizazi baada ya kizazi. Mchezaji Kajol, ambaye jina lake lilivuma katika miaka ya 1990, ni mjukuu wake. Kwa maneno mengine, uzi uliowafunga ndugu hawa na riziki yao ulipita katika mkono wa umbu lao wa kike. Mchezo wa ndugu wa kiume uliwezekana kwa sababu ya dada ambaye mchezo haumjui. Msomaji wa historia anapaswa kulikumbuka hilo kila anapoelezwa kuwa jamaa fulani ilijengwa na wanaume wake.

Upungufu huo unapunguzwa kidogo na Madhubala, aliyecheza kama Renu. Huyu alizaliwa Delhi mwaka 1933, akaanza kucheza sinema tangu utotoni, na kwa mapato yake aliwalisha wazazi na dada zake. Ndani ya mchezo ni binti wa tajiri asiyejua bei ya betri; nje ya mchezo ndiye aliyekuwa mhimili wa nyumba. Mwaka 1949, katika Mahal, alikuwa mpenzi wa Ashok Kumar. Miaka tisa baadaye amekuwa mpenzi wa mdogo wake, na Ashok amekuwa kaka wa kuombwa ruhusa. Katika muda huo Madhubala alikuwa tayari na ugonjwa wa moyo aliozaliwa nao. Kicheko chake katika gereji, mbele ya kijana mwenye grisi usoni, ni kicheko cha mtu ambaye siku zake zilikuwa zikihesabiwa. Mwaka 1960 yeye na Kishore walioana kweli, Mwislamu na Mhindu. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 36.

Deni la rupia tano na ana kumi na mbili nalo lina historia yake. Tarehe 1 Aprili 1957 serikali ya Bara Hindi iliacha hesabu ya kale ya ana 16 kwa rupia, ikaanza hesabu ya sehemu mia. Mchezo ulipotoka, ana zilikuwa zimekwisha kufutwa katika sheria lakini hazijafutwa katika vinywa vya watu. Na gereji ya Brijmohan, kama nyumba yake, ilihesabu kwa kipimo cha jana. Muziki wa usiku wa mvua, ambao ndani yake deni hilo linazaliwa, umefuata mwendo wa wimbo wa Kimarekani uitwao Sixteen Tons, uliotungwa na Merle Travis na kuvuma sana mwaka 1955 kwa sauti ya Tennessee Ernie Ford. Wimbo huo ni wa wachimba makaa ya mawe waliofungwa na deni la duka la kampuni. Burman aliuchukua mwendo wa kilio cha mdaiwa, akaugeuza kuwa utani wa mdai. Deni lililomfunga mchimba makaa lilimfungua fundi wa Bombay, kwa kuwa lilimpa sababu ya kutoka nje ya sheria ya kaka yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili fedha hiyo si ngeni. Rupia ilitumika katika Afrika Mashariki ya Waingereza mpaka mwaka 1920 na katika Unguja mpaka mwaka 1936. Na neno pesa, linalotajwa sokoni kila siku, ni mtoto wa sarafu ndogo ya rupia hiyo hiyo. Sinema ilifuata njia ambayo sarafu na maneno vilikwisha kuipita. Michezo ya Bara Hindi ilionyeshwa Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kwa watazamaji ambao wengi wao hawakujua lugha yake. Unguja, jumba la Majestic lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1955 baada ya lile la kwanza kuungua lilikuwa moja ya majumba hayo. Waimbaji wa taarabu walizichukua sauti za nyimbo zake wakazivika maneno ya Kiswahili, na kwa ufundi huo Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa ambayo haikukoma hata alipofariki mwaka 2014. Asiyejua Kihindi alisikia dunia, wakati, habari na hesabu, akatambua kuwa lugha mbili zilikunywa katika kisima kimoja cha Kiarabu. Lakini kilichoeleweka zaidi ya maneno kilikuwa nyumba: kaka mkali, mdogo mjanja, mama anayengoja, dada anayeozwa. Mambo hayo hayakuhitaji mkalimani.

Baada ya mwaka 1958 ndugu watatu waliendelea kila mmoja na njia yake. Kishore, ambaye kaka yake alitaka awe mchezaji, alipata alichokitaka: baada ya Aradhana ya mwaka 1969 akawa mwimbaji mkuu wa sinema ya Kihindi, na wachezaji wa vizazi viwili waliazima sauti yake. Ashok aliendelea kucheza mpaka uzeeni, safari hii akiwa baba na babu. Bombay yenyewe ilibadili jina mwaka 1995 ikawa Mumbai.

Tarehe 13 Oktoba 1987 Ashok Kumar alitimiza umri wa miaka 76. Siku hiyo hiyo Kishore alifariki ghafla kwa moyo, mwenye umri wa miaka 58. Maiti yake ilirudishwa Khandwa kama alivyotaka, ikachomwa katika ardhi walikolelewa. Husemekana kuwa kaka hakuiadhimisha tena siku yake ya kuzaliwa. Anoop alimfuata mwaka 1997. Mkubwa wa wote, ambaye kwa kanuni ya umri angetangulia, alibaki wa mwisho mpaka mwezi wa Desemba mwaka 2001, akiwa amewazika wadogo zake wawili.

Katika hadithi Brijmohan alijifunza kutoufanya uchungu wake kuwa sheria ya wengine. Katika maisha, mzee aliyemcheza alipewa uchungu mkubwa kuliko ule wa hadithi, tena katika siku iliyokuwa ya furaha yake, akaubeba kwa kunyamaza tu siku moja katika mwaka. Hakumfungia mtu mlango kwa ajili yake. Mchezo ungali unatazamwa, na kila utazamwapo ndugu watatu huingia tena katika motokaa kuukuu isiyo na paa, mkubwa, wa kati na mdogo, wakapita katika njia za mji ambao jina lake limekwisha kubadilika. Motokaa inatetemeka, inakohoa, inatoa moshi. Lakini inakwenda, na kwa kuwa inakwenda, jina lake ni gari.